Kalori za leo hazijatimia na njaa huna: ule au uache?

Saa tatu na nusu usiku nimesimama jikoni, mlango wa friji uko wazi, simu mkononi, na programu ya kuhesabu kalori kwenye simu inaniambia bado kalori 620 nifike 1,900 za siku. Tumbo limetulia kabisa, sina njaa wala hamu, lakini ile namba inanikaa kichwani kama deni. Nikachukua chupa ya siagi ya karanga nikala vijiko vinne hivohivo nimesimama, nikashushia na glasi ya maziwa, nikaenda kulala tumbo zito. Asubuhi nikaamka sina njaa, na ningekuwaje nayo, nikaruka kifungua kinywa, mchana nikala kidogo kwa sababu kazi zilinibana, usiku nikajikuta palepale mbele ya friji na deni la mia sita na kitu. Imeenda hivo kama wiki tatu, ndo nikaanza kujiuliza hii namba imetoka wapi na inajua nini kuhusu mimi.

Naandika huu mwongozo kwa sababu naona watu wengi wanajibiwa kwa neno moja tu, "kula" au "acha", na yote mawili yanaweza kumuumiza mtu. Kuna watu njaa wakiwa nayo wasiwe nayo inabidi wale, na kuna watu wanajishindilia chakula usiku bila sababu yoyote zaidi ya kutaka programu ya simu iwaoneshe rangi ya kijani. Kwa hiyo fuata hatua kwa mpangilio, usiruke ya kwanza hata kama unadhani haikuhusu.

Hatua ya 1: Jua kama njaa yako ni ya kuaminika

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye hatari.

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho litoe insulini, mfano glibenklamidi, usiruke mlo kwa sababu tu huna njaa. Dawa imeshaingia mwilini na itafanya kazi yake uwe umekula au hujala, sukari itashuka, utaanza kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa, na inaweza kuendelea mpaka kupoteza fahamu. Kama hamu ya kula imekuishia siku mbili tatu ongea na anayekutibu kuhusu kiwango cha dawa, usijipunguzie mwenyewe kwa kubahatisha.

Kama umewahi kuwa na tatizo la ulaji, yaani kujinyima mpaka kuumwa, au kula sana afu kujitapisha, njaa yako inaweza kuwa imenyamaza kwa muda mrefu tu. Mwili ukinyimwa sana ishara zake zinavurugika, tumbo linachelewa kumwaga chakula, vijiko vitatu unajisikia umeshiba. Mtu wa namna hii anakula kwa ratiba aliyopangiwa, anakula kama anavyomeza dawa, njaa itarudi baadaye kidogokidogo. Na kwa kweli kwako hata kuhesabu kalori mwenyewe sio jambo la kufanya bila mtaalamu kujua.

Wengine ambao njaa haiwaongozi vizuri: mtu anayetoka kwenye ugonjwa au upasuaji, mzee (hamu ya kula inapungua na umri, ladha na harufu pia, afu misuli inayeyuka taratibu bila mtu kugundua mpaka siku anashindwa kunyanyuka kwenye kiti), mjamzito na anayenyonyesha, mtu aliye na uzito mdogo tayari, yaani BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) chini ya 18.5, na mtu anayefanya mazoezi mazito karibu kila siku. Pia anayetumia dawa zinazoua hamu ya kula, kuanzia zile za kupunguza uzito kama semaglutidi, dawa za kusaidia umakini kama methilifenideti, hata metformini ya kisukari kwa baadhi ya watu wiki za mwanzo.

Kwa kundi lote hili jibu ni ule, swali linalobaki ni namna gani, nenda hatua ya 6.

Na watoto: usimpe mtoto namba ya kalori. Mpe chakula cha maana kwa saa zinazoeleweka, yeye aamue kiasi, ukiona ukuaji wake unasuasua mpeleke kliniki.

Hatua ya 2: Fungua hiyo namba uone ndani yake

Programu nyingi zinatumia kanuni inayoitwa Mifflin-St Jeor, ilitoka mwaka 1990. Iko hivi: uzito kwa kilo mara 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, afu mwanaume unajumlisha 5, mwanamke unatoa 161. Hapo unapata kalori ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika tu.

Chukua mwanamke wa miaka 32, kilo 68, sentimita 163. Inakuja 680 jumlisha 1,019 toa 160 toa 161, unapata kama 1,378. Sasa programu inamuuliza unajishughulisha kiasi gani, na hapa ndo mambo yanapoharibika. Akibonyeza "nakaa muda mwingi" inazidisha mara 1.2, anapata 1,654. Akibonyeza "kiasi kidogo" ni mara 1.375, anapata 1,895. Akijiona mchangamfu akabonyeza "wastani" ni mara 1.55, inakuwa 2,136. Mtu yuleyule, siku ileile, tofauti ya karibu kalori 480 kwa kubonyeza kitufe cha tatu badala ya cha kwanza! Na hata ukichagua sawasawa, kanuni yenyewe ilitengenezwa kwa wastani wa watu wengi, kwa mtu mmojammoja inaweza kukosea asilimia 10 juu au chini na zaidi.

Mimi nilikuwa nimebonyeza "wastani" kwa sababu natembea tembea kidogo. Lile deni langu la usiku, sehemu kubwa lilizaliwa hapo.

Kwa hiyo ukiona bado kalori 200 au 300, jua uko ndani ya kosa la kawaida la hesabu. Hakuna kilichopungua ambacho unaweza kukithibitisha. Lebo za vyakula nazo ni hivohivo, Marekani kwa mfano kanuni zinavumilia kalori halisi kuzidi za kwenye lebo mpaka asilimia 20.

Hatua ya 3: Hakikisha kalori unazodhani hazipo kweli hazipo

Kabla hujala kufidia, pitia siku yako tena. Mafuta ya kupikia uliyaandika? Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni karibu kalori 120, na wengi tunamimina kwa macho. Ile chai yenye maziwa na sukari, juisi, kuonja chakula mara nne wakati unapika, mabaki ya mtoto uliyoyamaliza ili yasitupwe. Pima siku tatu tu kwa mizani ya jikoni ya gramu, utashangaa.

Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 1992 kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, waliwachukua watu waliokuwa wanasema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na uzito haushuki. Wakawapima kitaalamu. Kumbe walikuwa wanaripoti pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi wanayaongeza kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo hawa watu, waliamini wanachosema, ndo ubongo unavyokumbuka chakula. Kwa hiyo kama njaa huna, uzito haushuki, na programu inasema umekula kidogo mno, mara nyingi tumbo lako ndo linasema kweli.

Lakini kinyume chake pia kipo. Kama unapima vizuri, uzito unashuka haraka wiki kwa wiki, na bado huna njaa, basi hizo kalori kweli hazipo, na hapo hatua inayofuata isome kwa makini.

Hatua ya 4: Tafuta kwa nini huna njaa

Njaa sio geji ya mafuta kwenye gari. Kuna homoni ya ghrelini (iligunduliwa 1999) inayotoka tumboni na kupanda karibu na saa ambazo umezoea kula, ndo maana saa saba mchana tumbo linanguruma hata kama asubuhi ulikula vizuri, na ikipita saa nane bila kula njaa saa nyingine inatulia yenyewe. Kuna leptini (1994), inatoka kwenye mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo akiba ikoje. Kuna kutanuka kwa tumbo lenyewe, kuna homoni za utumbo zinazopanda ukila protini. Kwa hiyo kutokuwa na njaa saa tatu usiku inaweza kumaanisha vitu vingi tofauti.

Jiulize haya:

Umefanya mazoezi makali leo? Mazoezi makali yanafunga njaa kwa saa moja mbili hivi, afu deni linakuja kudai kesho yake. Wanaokimbia umbali mrefu wanalijua hili vizuri, jumamosi hawali, jumapili wanakula kila kinachoonekana.

Kuna joto kali? Umekunywa kahawa nyingi? Una mawazo, msiba, mtihani, umeachana na mtu? Kuna watu wakiwa na mawazo wanakula sana na kuna ambao koo linafunga kabisa.

Umekula mboga nyingi, maharage, supu, nyama au mayai ya kutosha? Basi umeshiba kihalali, vyakula hivi vinajaza tumbo kwa kalori chache. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo, wiki mbili wanakula vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana na wiki mbili vyakula vya kawaida, wakaachiwa wale watakavyo. Kwenye vya viwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku bila kulazimishwa na mtu. Kwa hiyo ukibadilisha chakula tu, njaa inaweza kupungua na wala sio ugonjwa.

Jana usiku ulikula saa ngapi? Hili ndo lilikuwa langu. Nilikuwa nafidia saa tatu usiku, nakata njaa ya asubuhi, siku inaanza na pengo, usiku nafidia tena. Siku niliyoamua kulala bila kufidia, asubuhi saa moja na nusu njaa ilinigonga vizuri kabisa, nikala mayai mawili na mkate na tunda, na jioni hesabu ikawa imejaa yenyewe. Wiki tatu za kujilazimisha ziliisha kwa usiku mmoja wa kuacha. Kama uko kwenye huo mzunguko, jaribu hili kabla ya yote (isipokuwa uko kwenye kundi la hatua ya 1).

Afu kuna kutokuwa na njaa ambako sio shibe. Ukiona huna njaa lakini unasikia baridi wakati wenzako wako sawa, kizunguzungu ukisimama, hasira za karibu, usingizi wa kukatika, nywele zinadondoka, mazoezi yaliyokuwa mepesi yamekuwa mazito, hedhi imechelewa au imepotea, kwa mwanaume hamu ya tendo imekwisha, au siku nzima unawaza chakula ingawa tumbo liko kimya, huo ni mwili unaobana matumizi. Mtafiti Ancel Keys na timu yake kule Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945 walifanya majaribio kwa wanaume 36 wenye afya waliojitolea, miezi sita wanakula takriban kalori 1,570 kwa siku huku wanatembea sana kila wiki. Walipoteza kama robo ya uzito wao, wakawa wanahisi baridi muda wote, wanyonge, wanasoma vitabu vya mapishi na kuongea chakula tu. Angalia hiyo namba, 1,570, programu ngapi zinampa mtu mzima namba ndogo kuliko hiyo?

Hatua ya 5: Sasa amua, kulingana na unachotafuta

*Unapunguza uzito.* Kama pengo ni dogo, tuseme mpaka 300, na siku yako ilikuwa na protini na mboga za kutosha, acha, kalale. Lile la "usipokula leo mwili utafunga mitambo na kuanza kutunza mafuta" sio kweli kwa siku moja wala mbili. Ukijinyima kwa muda mrefu mwili unapunguza matumizi, hilo ni kweli, lakini hauzimi, hata wale wa Minnesota waliendelea kupungua miezi yote. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina akiba ya takriban kalori 7,700, pengo la 250 usiku mmoja halifikii hata gramu 35.

Ila weka sakafu. Wataalamu wengi hawapendi mwanamke ashuke chini ya 1,200 wala mwanaume chini ya 1,500 bila usimamizi, na mimi binafsi naona hata hizo ni ndogo kwa mtu anayefanya kazi za nguvu au mwenye mwili mkubwa. Kula chini ya kalori 800 kwa siku nzima ni jambo la kusimamiwa na daktari. Kwa hiyo kama umefika usiku na umekula 900 kwa siku nzima, kula kitu, njaa ipo au haipo, na hasa kula protini, kwa sababu mwili ukikosa unachukua pia kwenye misuli, na misuli kuirudisha ni kazi kuliko kuipoteza. Siku moja ya 900 haitakuua, ila siku nne mfululizo ni tatizo.

Jambo jingine, zile kalori za mazoezi ambazo saa ya mkononi inakuongezea, usizile zote. Saa nyingi zinakosea sana upande huo. Kama baada ya mazoezi huna njaa na unapunguza uzito, hakuna haja ya kuzifukuzia.

*Unatunza uzito ulionao.* Acha kuangalia siku, angalia wiki. Jumlisha siku saba gawanya kwa saba. Mwanadamu hakuumbwa kula kiasi kilekile kila siku, kuna jumatatu ya 1,600 na jumamosi ya 2,500, na mwili unasawazisha wenyewe.

*Unaongeza uzito au misuli.* Hapa nitasema wazi, kula. Mtu mwembamba akisubiri njaa imwongoze hataongezeka, kwa sababu njaa yake ndo iliyomfikisha kwenye wembamba huo. Lakini sio lazima ujae mpaka koo, ziada ya kalori 250 mpaka 400 juu ya matumizi yako inatosha, pamoja na mazoezi ya uzito na protini karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Ukiwa na kilo 60 ni kama gramu 96 kwa siku. Ukikosa lengo kwa kalori 200 jioni, ongeza kinywaji kimoja, usilale na pengo kila siku afu ushangae mwezi umeisha mizani iko palepale.

*Unafanya michezo kwa nguvu.* Hesabu yako ni tofauti kidogo. Toa mafuta kwenye uzito wako, ubaki na kilo za mwili usio na mafuta. Chini ya kalori 30 kwa kila kilo hiyo, baada ya kutoa zilizotumika kwenye mazoezi, matatizo ya homoni na mifupa yanaanza kunyemelea, hasa kwa wanawake. Mfano mtu wa kilo 60 mwenye kilo 48 zisizo mafuta: 48 mara 30 ni 1,440, na kama alichoma 500 mazoezini basi 1,940 ni mpaka wa hatari, lengo liwe juu ya hapo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii mwaka 2014. Kama mazoezi yamekufunga hamu, kunywa chakula chako, usisubiri.

Hatua ya 6: Kula bila njaa bila kujitesa

Umeamua kula, au uko kwenye kundi la hatua ya 1. Lengo ni kalori na virutubisho vingi kwenye ujazo mdogo, na tumbo lisikatae.

Kunywa badala ya kutafuna. Kimiminika kinatoka tumboni haraka na hakishibishi kama chakula kigumu, hilo linamuumiza anayepunguza uzito lakini linakusaidia wewe. Saga maziwa glasi moja (karibu 150), ndizi mbivu moja (karibu 105), siagi ya karanga vijiko viwili vikubwa (karibu 190) na oti gramu 40 (karibu 150). Unapata takriban kalori 595 kwenye bilauri moja kubwa, na unaweza kuinywa taratibu ndani ya saa nzima ukiwa unafanya mambo mengine. Jaribu hii na mtu aliyetoka kuugua, lakini mpe nusu kwanza. Nimemhudumia ndugu yangu wa karibu baada ya upasuaji, sahani ikija imejaa alikuwa anageuza uso ukutani, harufu tu ilimtosha. Nikawa nampa kikombe kidogo cha chai kilichojaa huo mchanganyiko, baridi kidogo ili usitoe harufu, kila baada ya saa mbili na nusu, bila kumuuliza "una njaa?" Namwekea mkononi tu tunaongea mambo mengine. Wiki ya pili akaanza kudai chumvi haijakolea kwenye supu, nikajua tumepona.

Ongeza mafuta kwenye kile anachokula tayari. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya protini na ya wanga ni 4. Kijiko cha mafuta kwenye wali au supu hakiongezi ujazo wowote wa maana na umepata 120.

Anza na protini kwenye sahani, mboga na maji mengi viwe mwisho. Maji usinywe glasi mbili dakika tano kabla ya kula, yatachukua nafasi.

Kula mara nyingi kidogokidogo, weka kengele ya simu. Na sogeza chakula mapema, asubuhi na mchana kama inawezekana, ili usiku usibaki na mzigo. Kutembea dakika kumi na tano kabla ya mlo kunasaidia wengi.

Kama ni dawa zinakuua hamu, angalia ni saa ngapi zina nguvu na saa ngapi zinalegea. Anayemeza dawa ya umakini asubuhi mara nyingi anaweza kula vizuri kabla hajaimeza na tena jioni ikiisha nguvu, kwa hiyo milo miwili mikubwa ikae hapo.

Ukifika pa kichefuchefu simama. Kulazimisha mpaka kutapika kunaufundisha mwili kukichukia kile chakula, na kesho itakuwa ngumu zaidi.

Hatua ya 7: Acha mizani ikujibu, lakini kwa wiki mbili

Jipime asubuhi baada ya choo kabla ya kula, siku nyingi uwezavyo, na uangalie wastani wa wiki. Siku kwa siku uzito unacheza kilo moja mpaka mbili kwa ajili ya maji, chumvi, choo na hedhi, hautakuambia kitu. Baada ya siku 14 linganisha wastani wa wiki mbili. Unapunguza na umeshuka nusu kilo kwa wiki bila kufidia usiku? Basi lengo lako lilikuwa juu, lishushe likae pale unapokula kweli, deni litaisha. Umeshuka kilo moja na nusu kwa wiki na wiki ya kwanza, ambayo kinachopungua sana ni maji, imeshapita? Unakula kidogo mno, ongeza 200 hata kama njaa haisemi. Unaongeza uzito na hakuna kilichobadilika? Ongeza 150 mpaka 200, subiri wiki mbili nyingine.

Kama kujipima kila siku kunakuharibia siku, pima mara moja kwa wiki au angalia suruali inavyokukaa. Inatosha.

Hatua ya 8: Hapa sio swali la kalori tena, nenda hospitali

Umepungua asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 mpaka 12 bila kutaka, yaani mtu wa kilo 70 amepoteza kilo tatu na nusu na hajui kwa nini, nenda ukachunguzwe hata kama unajisikia vizuri. Usisubiri kama kuna homa isiyoisha, jasho jingi usiku, kumeza kwa shida, kutapika mara kwa mara, damu kwenye choo, au kikohozi cha wiki nyingi. Kukosa hamu ya kula pamoja na huzuni, kutopenda chochote na usingizi kuvurugika zaidi ya wiki mbili, nayo ni sababu ya kumwona daktari na inatibika.

Na mtu ambaye amekaa zaidi ya siku tano bila kula au kwa kula kidogo sana, hasa kama alikuwa mwembamba, mnywaji wa pombe au mgonjwa, msimpikie sahani kubwa mkamshindilia kwa upendo. Chakula kingi ghafla kinavuta madini ya fosfati, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na moyo unaweza kwenda vibaya. Aanze kidogo sana, na aanzie hospitali ambako wanapima damu.

Mwisho kuhusu simu yenyewe: nenda kwenye mipangilio, zima ile arifa ya "bado kalori kadhaa" ya usiku, na kama programu inakuruhusu badilisha muonekano uwe wa wiki badala ya siku. Weka lengo kama kati ya 1,650 na 1,950 badala ya namba moja. Kama haina hiyo, andika kwenye karatasi ubandike pembeni ya friji. Na kama ukijaribu kuacha kurekodi siku tatu tu unaingiwa na hofu, unaficha, au unakataa kula na watu kwa sababu hujui chakula chao kina kalori ngapi, ifute leo afu mwambie mtu mmoja unayemwamini jinsi ulivyokuwa unakula.